Namna ya Kutunza Nyusi Nyumbani Hadi Siku ya Kurudi Saluni

Nyusi zilizotindwa vizuri kwa uzi hubaki safi kwa muda wa wiki tatu hivi. Ikiingia wiki ya nne, nywele ndogondogo huwa zimekwisha kuchipua chini ya mstari na katikati ya nyusi mbili, na hapo ndipo wengi huchukua kibano na kuanza kung'oa bila mpango. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wiki hizo za katikati. Kutinda nyusi ndiyo kazi yangu hapa mjini Lamu, na kinachonipa tabu kwenye kiti changu si nyusi zilizoachwa zikamea, kwani hizo hurekebishwa kwa muda mfupi, bali ni nyusi zilizong'olewa kupita kiasi nyumbani, zikawa na pengo mahali palepale palipokuwa pakishikilia umbo. Kwa hiyo kila hatua iliyomo humu ina kusudi moja, nalo ni kuulinda mstari aliouacha fundi, wala si kuchora mwingine.

Sababu ya kulishikilia jambo hili iko kwenye maumbile ya unywele wenyewe. Unywele wa kichwani huendelea kukua kwa miaka, lakini wa nyusi hukua kwa wiki chache tu, kisha husimama, hupumzika, na hatimaye huanguka ili mwingine uchukue nafasi yake. Ndiyo maana nyusi hazirefuki kama nywele za kichwa, na ndiyo maana unywele ulioung'oa leo pasipostahili waweza kuchukua miezi kadhaa kurudi. Ukiung'oa huohuo mara kwa mara kwa miaka, shina lake huharibika na huenda usirudi kabisa. Wapo akina mama watu wazima ambao leo nyusi zao ni wanja mtupu, kwa kuwa walizitinda nyembamba mno walipokuwa wasichana.

Neno moja kwa dada zangu ambao hawaondoi nywele za nyusi kwa sababu ya dini. Hadithi inayokataza kunyofoa nyusi inajulikana, na juu ya mipaka yake, kama vile nywele za katikati, wanavyuoni wana maelezo yao, muulize unayemwamini. Aliyeshika kutokung'oa afuate hatua za kusafisha, kuchana na kulainisha tu, na hizo peke yake hubadilisha sana sura ya nyusi.

Vifaa na mahali pa kukaa

Unahitaji kibano chenye ncha iliyokatwa mshazari, makasi madogo yenye ncha kali, brashi ndogo ya nyusi (brashi ya maskara ya zamani iliyooshwa vizuri kwa sabuni inatosha), penseli ya wanja, pamba, spiriti ya duka la dawa na kioo cha kawaida. Kibano kikague kabla ya kukinunua: kifumbe, kisha kielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya ncha mbili, kiache, kwa sababu kibano cha namna hiyo hakishiki unywele mzima, bali huukata usawa wa ngozi. Unywele uliokatika hivyo hurudi ukiwa na ncha butu, na mara nyingine hujikunja na kumea ndani ya ngozi, pakatokea kipele chekundu ambacho wengi hukidhania kuwa chunusi. Hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi, kwa hiyo kibano kikaushwe kila baada ya kutumika na kiwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko. Kilichoota kutu kitupwe.

Kioo kinachokuza uso sikipendekezi hata kidogo. Kinakuonyesha kila kinyweleo ambacho hakuna mtu mwingine atakayekiona, na mkono hufuata jicho.

Jambo la mwanga lina uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa sisi tunaoishi kwenye nyumba za mawe za mji wa kale, ambazo kuta zake ni nene na vichochoro vyake ni vyembamba, kiasi kwamba vyumba vya ndani huwa na giza hata mchana. Usifanye kazi hii chumbani chini ya taa ya dari. Taa ya juu hutupa kivuli chini ya mfupa wa nyusi, mahali penyewe penye kazi, na utang'oa kivuli pamoja na unywele. Kaa kiwandani, yaani uani, au darini, mnamo saa tatu au saa nne asubuhi, uso ukiwa umeelekea mwanga nawe ukiwa kivulini. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooka nusu.

Hatua ya kwanza: kusafisha na kulainisha

Osha uso uondoe wanja, mafuta na jasho, kisha nawa mikono. Chovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, kikamue, ukiweke juu ya nyusi kwa dakika mbili au tatu. Joto hulainisha ngozi na unywele hutoka bila kuvutana sana. Usipake mafuta yoyote kabla ya kazi, kwani kibano kitateleza. Kausha kwa kugusagusa, bila kusugua. Ncha za kibano na za makasi zipanguse kwa pamba yenye spiriti, uziache zikauke zenyewe kabla hazijagusa uso, maana spiriti mbichi karibu na jicho inauma vibaya.

Hatua ya pili: kuweka mipaka

Chukua penseli ya wanja uisimamishe wima kando ya tundu la pua hadi ifike kwenye nyusi. Hapo ndipo nyusi inapoanzia, na nywele zilizo nje ya hapo, upande wa katikati, ndizo zinazoweza kuondolewa. Penseli ikiwa bado imegusa ubavu wa pua, iinamishe ipite kwenye ukingo wa nje wa mboni huku ukitazama mbele. Mahali inapokutana na nyusi ndipo penye upinde, yaani sehemu iliyoinuka kuliko zote. Iinamishe tena ipite kwenye kona ya nje ya jicho, utapata mahali nyusi inapoishia. Weka nukta ndogo kila mahali, kwa kila upande.

Nukta hizi ni mwongozo, hazina amri juu ya uso wako. Ikiwa fundi aliuacha mwanzo wa nyusi yako karibu zaidi kwa sababu macho yako yameachana kwa nafasi kubwa, fuata kazi yake. Wala usihangaike kwa sababu nyusi mbili hazilingani sawasawa. Karibu kila uso una upande mmoja uliopanda kidogo, na anayejaribu kuzilinganisha kwa kibano hung'oa kulia, akarudi kushoto, akarudi tena kulia, mpaka zote mbili zikaisha.

Hatua ya tatu: kuchana na kupunguza kwa makasi

Chana nywele zote kuelekea juu kwa brashi. Zile zitakazovuka mstari wa juu wa nyusi ndizo ndefu, nazo zikatwe ncha tu, mmoja mmoja, makasi yakiwa yamelala kufuata mwelekeo wa nyusi. Usikate kwa mpigo mmoja wa kukingama. Nywele zetu wengi ni nzito na zina mkunjo, na unywele wenye mkunjo ukivutwa na brashi huonekana mrefu kuliko ulivyo; ukiukata ukiwa umenyooshwa, utarudi mahali pake ukiwa mfupi mno na kuacha uwazi. Kata kidogo, chana ushuke, tazama, kisha uamue kama bado.

Kwa wengi hatua hii pekee hutosha. Nyusi inayoonekana imechafuka mara nyingi ina nywele ndefu zilizolala ovyo, na si nywele nyingi za kuondolewa.

Hatua ya nne: kung'oa

Maeneo ya kazi ni mawili tu: chini ya nyusi, kati ya mstari na kope, na katikati ya nyusi mbili. Juu ya nyusi pabaki kwa fundi. Nywele za juu ndizo zinazoushikilia upinde, na ukiondoa mbili tatu mahali pasipofaa, uso mzima hubadilika.

Kwa kidole cha mkono usio na kibano, ivute ngozi kwa upole ikazike. Shika unywele mmoja karibu kabisa na ngozi, uuvute kwa mkupuo mmoja kuelekea upande uleule uliomea, yaani kwa kawaida kuelekea sikio, na katikati ya nyusi kuelekea juu. Ukivuta kinyume chake unywele hukatika. Ukitoka vizuri utaona mwisho wake una kivimbe kidogo cheupe au cheusi. Usipokiona, ujue umekatika, nao uuache mpaka umee tena badala ya kuuchimba kwa ncha ya kibano.

Anza na nywele zilizo mbali kabisa na mstari. Ng'oa mbili au tatu upande mmoja, hamia upande wa pili, kisha weka kibano chini, rudi nyuma hatua moja na utazame nyusi zote mbili kwa pamoja kwenye kioo. Unywele wowote unaokutia shaka uache. Nywele zilizogusana na mstari wenyewe si za nyumbani, hata zikikukera.

Unywele uliomea juu ya alama ya kuzaliwa iliyoinuka usiung'oe; ukate kwa makasi. Penye chunusi au kidonda papite mpaka papone. Mwenye ngozi inayofanya makovu ya kufura asifanye kazi hii kwa nguvu wala kurudia mahali pamoja. Nta ya kujipaka nyumbani naikataza kwa kila mtu, na zaidi kwa anayetumia krimu za kujichubua au dawa za chunusi zenye tretinoini, kwa sababu ngozi yake hubanduka kwa urahisi na nta huweza kuondoka na ngozi ya juu. Kuhusu wembe mdogo wa uso, si kweli kwamba unazidisha nywele. Unywele ulionyolewa huchipua na ncha butu, ndiyo maana huonekana mnene. Tatizo la wembe ni kwamba mteremko mmoja wa mkono huondoa robo ya nyusi.

Hatua ya tano: kutuliza ngozi

Weka kitambaa chenye kipande cha barafu kwa dakika moja au mbili, kisha utomvu wa mshubiri kidogo, ule mwangavu wa katikati ya jani, si maji ya manjano yanayotoka karibu na ganda, kwa kuwa hayo huwasha. Mafuta mazito, ya nazi yakiwemo, yasubiri hadi kesho yake, maana yanaweza kuziba vitundu vilivyo wazi. Siku hiyo usipake wanja wala poda mahali ulipong'oa, usiogelee baharini, na usijichomeshe jua. Wakati wa kaskazi, joto linapozidi, jasho huwasha sana, kwa hiyo panguseni kwa kitambaa safi badala ya kiganja.

Wanaovaa nikabu wana jambo lao la ziada. Utepe wa kitambaa hupita juu ya nyusi kutwa nzima, husugua, hukusanya jasho, na huzilaza nywele kuelekea chini. Baada ya kung'oa, vaa nikabu iliyofuliwa, uifunge juu kidogo kwenye paji la uso, na ukifika nyumbani zichane nyusi tena.

Rangi, hina na piko

Kujazia pengo tumia penseli ya kahawia iliyokolea badala ya nyeusi tititi, uichonge, na uchore vistari vifupi kufuata umeaji wa nywele. Anayetaka rangi ya kukaa anaweza kutumia hina safi ya majani, bila kuitia ndimu kwa vile iko karibu na jicho, baada ya kuijaribu nyuma ya sikio na kungoja siku mbili.

Piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, usiiweke kwenye nyusi kamwe. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ni jambo jepesi kufanyika: bibi harusi anapakwa hina na piko mikononi, bakuli bado lina kidogo, na mtu anaona kwa nini nyusi zisipewe nazo. Piko mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa rangi ya nywele wenye kemikali ya parafenilenidiamini, ambayo huweza kuunguza ngozi, kuleta malengelenge na kufumba macho kwa uvimbe, na ikiingia jichoni yaweza kudhuru uoni. Mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha yote. Kwamba ilikukaa vizuri mkononi mwaka jana si dhamana.

Mafuta ya mbarika huulizwa sana. Hulainisha nywele, huzilaza vizuri na kuzipa mng'ao, nami nawashauri wateja wapake tone moja usiku. Lakini asikuahidi mtu kwamba yatarudisha nyusi zilizokufa shina.

Wakati wa kutafuta msaada, na wakati wa kurudi

Wekundu wa kawaida huisha ndani ya saa chache. Pakivimba, pakawa na joto au usaha, usipatumbue, nenda hospitali. Vilevile, ukiona nywele za theluthi ya nje zinapungua pande zote mbili nawe hujaziondoa, kamwone daktari, kwani hiyo yaweza kuwa mojawapo ya dalili kwamba tezi ya shingo haifanyi kazi inavyopaswa.

Kibano kipumzike kwa muda wa wiki mbili kabla ya siku ya saluni, kwa maana uzi unahitaji unywele wenye urefu wa kushikika, na fundi anahitaji kuona nywele zinamea wapi. Mwenye harusi au sherehe atindwe siku mbili au tatu kabla, ili ngozi iwe imetulia pambo litakapopakwa, na nywele moja mbili zitakazochipua asubuhi ya shughuli azikate ncha kwa makasi tu.