Kupima misuli ya samaki-pundamilia wa sapje kwa mwanga wa polaraiza

Sapje ni samaki-pundamilia (Danio rerio) mwenye hitilafu kwenye jeni ya distrofini, ile ile inayoharibika kwa watoto wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Kipimo hiki kinatenganisha vifaranga wagonjwa na wazima wakiwa hai, bila kuwatia rangi. Misuli iliyopangika vizuri hung'aa ikiwa katikati ya polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu). Iliyobanduka huacha mabaka meusi.

Hatua ya 1: Mayai
Zalisha wabebaji kwa wabebaji, yaani samaki wazima wenye nakala moja mbovu ya jeni. Weka mayai yasiyozidi 50 kwenye sahani ya sentimita 10 yenye maji ya E3 (maji ya chumvi kidogo ya kulelea viinitete), nyuzi 28.5. Takriban robo ya vifaranga watakuwa wagonjwa.

Hatua ya 2: Kuzuia weusi
Wakifika saa 24 tangu kurutubishwa, hamishia kwenye E3 yenye PTU (kemikali ya kuzuia rangi ya ngozi) asilimia 0.003, yaani miligramu 30 kwa lita. Usichelewe: PTU huzuia rangi mpya, haifuti iliyokwisha kutengenezwa. Ni sumu, vaa glavu. Huvuruga pia tezi ya thairoidi, kwa hiyo kama utafiti wako unaigusa tezi hiyo, usitumie PTU.

Hatua ya 3: Ganzi, siku ya 4
Chukua mililita 4.2 za trikeini (dawa ya ganzi ya samaki) ya akiba (miligramu 4 kwa mililita, pH 7) kwa kila mililita 100 za E3. Akiba isiyorekebishwa pH ni tindikali na itakuulia vifaranga.

Hatua ya 4: Polaraiza
Hapa ndipo siku nzima hupotea. Kwanza, acha sahani za plastiki. Polistireni iliyomiminwa kiwandani ina mkazo ndani yake na hung'aa yenyewe, hivyo utaona mawimbi ya rangi chini ya samaki na kudhani hadubini ni mbovu. Tumia sahani ya kioo. Hadubini ya bei haihitajiki. Vipande viwili vya filamu ya polaraiza vinatosha, kimoja juu ya taa ya chini, kingine mbele ya lenzi. Zungusha cha juu hadi uwanja uwe mweusi kabisa, kisha kibane kwa utepe.

Mlaze kifaranga ubavu kwenye methiliselulosi (ute mzito) asilimia 3. Naipendelea kuliko agarosi inayoganda, kwa kuwa unaweza kumgeuza kwa sindano butu bila kumchubua. Ondoa mapovu.

Sasa pembe. Mwili ukilala sambamba na mhimili wa polaraiza yoyote, hata samaki mzima huwa mweusi tii. Mwanga hufikia kilele mwili ukiwa nyuzi 45 kati ya mihimili miwili. Chora mstari wa nyuzi 45 chini ya sahani na ulaze kila kifaranga juu yake, kichwa upande ule ule. Mkia ukijikunja, sehemu yake hutoka nje ya pembe na kuonekana mgonjwa, kumbe mzima. Mnyooshe, au mwache nje ya hesabu. Usitumie nguvu: misuli ya sapje hubanduka kwenye kuta za pingili inapovutwa, nawe utakuwa unapima mkono wako. Aliyekufa hapimwi.

Hatua ya 5: Picha
Zima urekebishaji wa mwanga wa kamera. Ukibaki umewashwa, kamera itamng'arisha mgonjwa hadi afanane na mzima. Weka muda wa mwanga kwa ndugu mzima wa mayai yale yale, pasiwe na pikseli iliyofika 255 (kilele cha kipimo cha mng'ao), kisha usiuguse tena. Kwenye ImageJ (programu ya kupimia picha) zungushia misuli ya kiwiliwili tu na usome wastani wa mng'ao. Kichwa kiache, kwa sababu vijiwe vya masikio hung'aa mno na kupandisha wastani. Gawanya kwa wastani wa ndugu wazima.

Hatua ya 6: DNA
Kila kifaranga kiwe kwenye kisima chenye namba ya picha yake. Kiue kwa trikeini nyingi, weka mikrolita 50 za NaOH ya milimola 50 ili kutoa DNA, nyuzi 95 kwa dakika 15, kisha mikrolita 5 za Tris ya mola 1, pH 8, ili kupunguza ukali wake. Badiliko la sapje ni la herufi moja, kwa hiyo bendi za jeli hazitatofautiana. Nakili kipande hicho cha jeni kwa PCR (mbinu ya kuzidisha DNA), kisha peleka zao lake likasomwe mfuatano. Anayepima mng'ao asijue majibu. Kama unajaribu dawa, hatua hii hairukwi: dawa ikifanya kazi, mgonjwa aliyepona atang'aa kama mzima, na bila DNA utamhesabu kuwa mzima tangu mwanzo.