Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Bomba la Chuma kwa Shinikizo

Bomba jipya la chuma, au la zamani lililofanyiwa matengenezo makubwa, halianzi kazi kabla ya kujazwa na kutiwa shinikizo linalozidi lile litakalobeba siku zote. Mafundi wengi huanza kwa kujiuliza geji itasoma ngapi. Kwa maoni yangu, swali linalotangulia ni jingine: ndani ya bomba hilo kutakuwa na kitu gani?

Maji hayashindiliki kirahisi, na kwa hiyo huhifadhi nishati kidogo sana hata shinikizo likiwa kubwa. Mita moja ya ujazo ya maji yaliyofikishwa shinikizo la baa 100 (baa moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida) ina takriban kilojuli 23 za nishati ya mshindilio, ilhali ujazo huo huo wa hewa kwenye shinikizo hilo hilo una kama kilojuli 18,000, yaani karibu mara 800. Geji mbili zitasoma sawasawa, lakini anayesimama kando ya bomba la hewa yuko katika hatari ya namna nyingine kabisa. Ndiyo maana kanuni ya Marekani ya mabomba ya viwandani, ASME B31.3, hutaka jaribio la maji lifike mara 1.5 ya shinikizo la usanifu, yaani lile ambalo bomba limesanifiwa kulibeba, huku jaribio la hewa likiishia kwa kawaida kwenye mara 1.1.

Tofauti hiyo huonekana pia katika jinsi ufa unavyosafiri. Bomba lenye maji likipasuka, shinikizo huanguka mara moja, na ufa hukosa cha kuusukuma. Gesi, kwa upande wake, hutanuka na kuendelea kuufungua ukuta nyuma ya ncha ya ufa, hasa chuma kikiwa cha baridi na kisichonyumbulika. Mwaka 1960 nchini Marekani, bomba la gesi la inchi 30 lilipasuka likiwa katika majaribio, na ufa ukakimbia takriban kilomita 13.

Kwa hiyo, hata anayetumia maji asiridhike mapema. Hewa iliyonaswa kwenye miinuko na kwenye matawi yaliyozibwa hulirudisha bomba katika hatari ile ile aliyodhani ameikwepa. Maji yaingizwe polepole kutoka sehemu ya chini, na valvu za kutolea hewa zilizoko juu ziachwe wazi hadi yatoke maji matupu yasiyo na mapovu.

Unene wa ukuta upimwe kabla, wala usichukuliwe kutoka kwenye karatasi za kiwandani. Mkazo unaouzunguka ukuta hupatikana kwa kuzidisha shinikizo kwa kipenyo, kisha kugawa kwa unene mara mbili. Bomba la kipenyo cha milimita 300 na ukuta wa milimita 6, likiwa na baa 60, hubeba mkazo wa megapaskali 150 (megapaskali moja ni baa 10). Kutu ikiula ukuta hadi milimita 4, mkazo hufika 225, na chuma cha kawaida cha mabomba huanza kuvutika bila kurudi katika hali yake mkazo ukifika 240 hivi. Mkazo wa kufuata urefu ni nusu tu ya huo, na ndiyo sababu mabomba kwa kawaida hupasuka kwa urefu. Mshono wa kulehemu ulionyooka kwa urefu unastahili kukaguliwa kwa makini kuliko ule wa mzunguko.

Oksijeni isitumike kamwe kupima uvujaji. Onyo hili linawahusu hasa mafundi wa friji na viyoyozi, ambao mitungi ya kulehemu iko karibu nao: oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kuwaka na kulipuka ndani ya bomba. Itumike naitrojeni kavu, kupitia regileta, yaani kifaa cha kupunguza na kudhibiti shinikizo la mtungi.

Mlipuko wa ndani hauvunji bomba kama shinikizo linalopanda taratibu. Wimbi lake huenda kasi kuliko sauti, ukuta hutanuliwa kabla ufa mmoja haujapata nafasi ya kuupunguzia mzigo, na bomba huvunjika vipande. Mwishoni mwa 2001, haidrojeni na oksijeni zilizokusanyika katika mabomba ya mvuke zililipuka kwenye vinu vya nyuklia vya Hamaoka, Japani, na Brunsbüttel, Ujerumani. Katika kinu cha Brunsbüttel, karibu mita 3 za bomba zilisambaratika. Valvu ya usalama haiwahi kufunguka mbele ya wimbi kama hilo, hivyo kinga pekee ni kuhakikisha mchanganyiko wa kuwaka haukusanyiki kwenye ncha zilizofungwa.

Eneo la jaribio lizungushiwe utepe, na asikaze mtu boliti ya flanji (ukingo wa kuungia bomba na bomba) shinikizo likiwa bado ndani. Kwenye jua kali, kama la Tanga au Mtwara, jaribio lianze alfajiri, kwa sababu bomba la mfano wetu likifungwa likiwa na maji, shinikizo lake hupanda zaidi ya baa 2 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Wakati wa kumwaga maji, valvu za juu zifunguliwe kwanza, la sivyo ombwe litalibonyeza bomba lenye ukuta mwembamba.