Kabla hujanunua fimbo ya snuka

Unapochagua fimbo ya snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani, usianze na urembo wa mpini. Inama mezani kama unayepiga, ncha ikikaribia kugusa mpira mweupe. Mkono wa nyuma, kuanzia kiwiko hadi kiganja, uning'inie wima, na nyuma ya kiganja kibaki kipande cha mpini. Ukijikuta umeshika mwisho kabisa, fimbo hiyo ni fupi kwako. Nyingi zina inchi 57 au 58. Mtu mrefu sana anaweza kuunga kirefusho nyuma.

Kukagua unyoofu, wengi huiviringisha mezani. Kipimo hicho hudanganya, maana mipini mingi ya snuka huchongwa bapa upande mmoja. Fumba jicho moja uitazame kwa urefu wake ukiizungusha polepole, kama seremala akaguavyo ubao.

Uzito, gramu 480 hadi 540 hivi, ni suala la mazoea tu.

Aliyetoka kwenye mchezo wa puli (pool) wa Kimarekani ataiona ncha ya mm 9.5 nyembamba mno, kwa kuwa kule amezoea 13. Asikimbilie nene: mpira wa snuka ni mdogo, mm 52.5, wa puli ni 57.