Somo: Menyu ya Blu-ray inayoitikia rimoti, kwa BD-J

Salaam wakuu. Tangu Toshiba iliposalimu amri na HD DVD yake Februari 2008, diski ya video ang'avu iliyobaki ni Blu-ray. Menyu zake hutengenezwa kwa njia mbili. HDMV, mfumo rahisi usiohitaji kuandika kodi ya Java, inatosha kwa vitufe vya kucheza na kuchagua sehemu. Ukitaka mchezo wenye alama au kitu kinachovuta data mtandaoni, unahitaji BD-J, yaani Java inayoendeshwa ndani ya deki.

Hatua ya 1. Pitisha video yako kwenye programu ya tsMuxeR, itakutolea folda ya BDMV yenye STREAM, PLAYLIST na CLIPINF. Majina ya tarakimu tano, kama 00001.m2ts, usiyaguse.

Hatua ya 2. Andika Xlet, yaani programu ndogo ya Java ya kuendeshwa na deki. Haina main, deki yenyewe ndiyo inayoita initXlet, startXlet, pauseXlet na destroyXlet. Java hii ni ya enzi za 1.4, kwa hiyo List<String> isahau.

Hatua ya 3. Chukua HScene, yaani eneo la skrini unalochorea menyu, weka kisikilizi cha vitufe, chora.

Hatua ya 4, na hapa naomba mtulie. Picha moja ya 1920 kwa 1080 ikishafunguliwa inakula baiti 8,294,400, hata kama PNG yake ni ndogo namna gani. Menyu yangu ya kwanza ilikuwa na picha nzima kwa kila kitufe, nami nilikuwa nazifungua mtu anapobonyeza. Kwenye kompyuta ilikwenda kama maji. Kwenye deki ya sebuleni, mama alibonyeza mshale, akaona kimya, akabonyeza tena, mwanga ukaruka vitufe viwili. Akaweka rimoti chini. Tangu siku hiyo nakata picha ndogo za vitufe tu, nazipanga zote kwenye PNG moja, na naifungua kwa uzi wa pembeni (thread) kabla menyu haijaonekana.

Hatua ya 5. Weka 00000.jar (Xlet yako iliyofungashwa) kwenye BDMV/JAR na 00000.bdjo (faili inayoiambia deki iendeshe JAR ipi) kwenye BDMV/BDJO, kisha index.bdmv iielekeze huko. Zana za bure za HD Cookbook hubadili XML kuwa faili hizo. Choma kwenye BD-RE, Blu-ray inayofutika, kwa mfumo wa faili wa UDF 2.50, ili ukikosea ufute urudie.

MASWALI

Swali: Mkuu, menyu inatokea vizuri ila mishale haifanyi kitu. Nimekagua kodi mpaka macho yanauma.
Jibu: Pole sana. Angalia mpangilio: setVisible(true) kwanza, ndipo requestFocus(). Ukitanguliza ya pili, rimoti haina wa kumpelekea.

Swali: Sina deki bado. VLC inatosha?
Jibu: Ikiwa na libbluray (maktaba ya kusoma Blu-ray) na Java, itakuonyesha makosa mengi. Kasi haitakuonyesha. Azima deki hata kwa jioni moja kabla hujamkabidhi mteja kazi.

Swali: Nataka matokeo ya mchezo yaende intaneti.
Jibu: Hiyo ni BD-Live, yaani Blu-ray inayotumia intaneti, deki iwe ya daraja la Profile 2.0. JAR lazima isainiwe kidijitali, namba ya programu iwe kati ya 0x4000 na 0x7fff, na faili ya ruhusa iombe mtandao. Chini ya 0x4000 deki itaihesabu kuwa haijasainiwa, na mtandao hutaupata.

Swali: Kumbe! Yangu ilikuwa 0x0001. Asante mkuu, naenda kusaini upya.