Somo: Kusaka makosa ya biti kwenye RS-485 yenye aisoleta

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wanaounganisha mita za Modbus (lugha ya mawasiliano ya vifaa) na inveta za sola kwa RS-485, yaani laini ya data ya waya mbili, A na B, ikiwa na aisoleta (kifaa kinachopitisha data bila kuunganisha umeme wa pande mbili), halafu data inakuja imevurugika: CRC (namba ya kukagua makosa) mara inakubali, mara inagoma. Wengi hukimbilia kubadilisha waya. Waya uacheni kwanza.

1. Zima umeme wote, pima oma kati ya A na B. Rezista mbili za oma 120, moja kila ncha, zitakupa karibu 60. Ukisoma 120, ncha moja haina kitu. Ukisoma 40, kuna mtu kachomeka ya tatu njiani.

2. Washa, laini ikiwa kimya, pima volti kati ya A na B. Kwa MAX485 (chipu inayotuma na kupokea kwenye laini) izidi milivolti 200, la sivyo chipu haijui isome 1 au 0, ndipo unaona baiti za ajabu kati ya ujumbe na ujumbe. Kwa volti 5, rezista ya oma 560 ikivuta A juu na nyingine ikivuta B chini, unapata kama milivolti 254. Ziweke sehemu moja tu ya laini.

3. Graundi. Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Aisoleta inatenga graundi ya kontrola na graundi ya laini, basi watu wanadhani waya wa tatu hauna kazi tena. Una kazi! Graundi za upande wa laini lazima ziungwe zenyewe kwa zenyewe, maana MAX485 inavumilia kuanzia volti -7 hadi +12 tu. Zikiachwa zinaelea, mota ikiwaka jirani data inakufa. Ila usiiguse graundi ya kontrola. Ukiziunga, aisoleta imebaki pambo.

4. Kasi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti moja hukaa maikrosekunde 104, kwa 115200 ni 8.7 tu. PC817, optokapla (aisoleta inayopitisha data kwa mwanga), ni nzuri kwenye chaja, hapa inachelewa kuzima. Tuma baiti 0x55 (1 na 0 zikipishana) mfululizo, weka osiloskopu kwenye kolekta yake (pini data inapotokea): utaona 0 zimenenepa, 1 zimekonda na bega lake limelala. Punguza rezista inayovuta juu, au, ushauri wangu, itoe kabisa uweke aisoleta ya kasi, 6N137 au ADuM1201, na kapasita ya maikrofaradi 0.1 jirani kabisa na pini ya umeme, pande zote mbili.

Maswali

– Mkuu, kwangu inaharibika baiti ya mwisho tu. Nayo ni optokapla?

Hapana, mkuu. Unashusha DE (pini ya MAX485 inayoruhusu kutuma) mapema. Bafa kuwa tupu si kwamba biti zote zimeshatoka. Kwenye ATmega328 (chipu ya Arduino Uno) subiri TXC0 (alama kwamba biti zote zimetoka), siyo UDRE0 (alama kwamba bafa ni tupu).

– Natumia Arduino Uno, 115200, aisoleta nimeshabadilisha, bado makosa yapo.

MHz 16 haigawanyiki vizuri kwa kasi hiyo, inakosea asilimia 2.1. Aisoleta ikikata kidogo juu ya hapo, umekwisha. Shuka 38400, kosa linabaki asilimia 0.2.

– Naweza kulisha pande zote mbili kwa volti 5 ileile?

Hapo hujatenga kitu, kaka. Upande wa laini upe B0505S yake (moduli ya volti 5 iliyotengwa). Ila ipime ikiwa na mzigo, maana ikiwa tupu volti hupanda.