Somo: Chanjo na vipimo vya familia nzima, kuanzia kichanga hadi bibi

Nyumba nyingi hufuatilia chanjo mpaka mtoto aanze kutembea. Baada ya hapo kadi inatupwa kabatini, na wakubwa hawapimwi mpaka waugue. Somo hili linafuata ratiba ya Tanzania.

Hatua ya 1. Daftari. Kusanya kadi zote za kliniki, pamoja na kadi ya ujauzito ya mama. Kila mtu apewe ukurasa wake: tarehe ya kuzaliwa, alichopata na lini, kinachofuata na lini.

Hatua ya 2. Chini ya miaka mitano. Akizaliwa anapata BCG (kinga ya kifua kikuu) na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anachomwa pentavalenti (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, yaani bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo) na chanjo ya nimonia, na matone ya polio yanaendelea. Rota, chanjo ya kuharisha, ni wiki ya 6 na ya 10. Sindano ya polio ni wiki ya 14. Surua-rubela ni miezi 9, kisha miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika kirahisi, kwa hiyo iandike kwa wino mwekundu. Vitamini A huanza miezi 6 na kurudiwa kila miezi 6 hadi atimize miaka mitano; dawa ya minyoo huanza mwaka 1.

Kuna jambo linalowaudhi sana akina mama: unafika, unaambiwa "BCG leo hatufungui". Chanjo ya BCG na ya surua ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na chupa moja ina dozi za watoto wengi. Ikishachanganywa, kilichobaki baada ya saa 6 kinamwagwa. Ndiyo maana vituo vingi huwa na siku zake za kuifungua. Uliza siku hiyo kabla hujalipa nauli.

Kidonda cha BCG nacho kinatisha bure. Wiki chache baada ya sindano kinainuka kipele, kinatoa usaha kidogo, kinakauka na kuacha kovu. Usikikamue, usipake spiriti wala mafuta, usifunge bandeji. Osha kwa maji safi tu.

Hatua ya 3. Binti wa miaka 9 hadi 14. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja tu.

Hatua ya 4. Mama. Pepopunda ni dozi tano: ya pili wiki 4 baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 baadaye, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Kuanzia miaka 30 apimwe mlango wa kizazi. Anayeishi na VVU huanza mapema na hupimwa mara nyingi zaidi. Nesi hupaka asidi ya siki, husubiri dakika moja, kisha huangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Asiende akiwa hedhini.

Hatua ya 5. Baba, mama, babu na bibi. Presha angalau mara moja kwa mwaka. Hapa vipimo vingi huharibika: mtu ametoka kupanda ngazi, mkanda umefungwa juu ya sweta, miguu imepishana, na anaongea. Akakojoe kwanza, akae dakika 5 ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Pima mara mbili. Ikifika 140/90 au zaidi, arudi kupimwa siku nyingine kabla ya kuambiwa ana presha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, kwa hiyo omba mkubwa. Sukari ipimwe asubuhi, baada ya kukaa muda wa saa 8 bila kula, maji tu. Kuanzia 7.0 mmol/L inahitaji kipimo cha kuthibitisha.

Maswali ya wanachama

*Mwanangu alipata pentavalenti ya kwanza, tukahamia shamba. Sasa ana miezi 7. Tunaanza upya?*
Hapana, mama. Hakuna kuanza upya. Apewe ya pili sasa, ya tatu baada ya wiki 4 au zaidi. Nimonia na polio vilevile.

*Ana mafua siku ya kliniki, nimpeleke?*
Mpeleke. Mafua, kikohozi chepesi au kuharisha kidogo havizuii chanjo. Mwenye homa kali aonwe na daktari kwanza.

*Alichanjwa surua wiki iliyopita, homa imekuja leo. Ni chanjo kweli?*
Inawezekana. Homa ya pentavalenti huja ndani ya siku mbili, lakini ya surua huweza kuja siku ya 7 hadi ya 12. Hata hivyo tunaishi na malaria, kwa hiyo apimwe.

*Kadi imepotea.*
Nenda kituo alikochanjwa na tarehe ya kuzaliwa. Wataangalia kwenye rejista. Zisipopatikana kumbukumbu, nesi atapanga chanjo za kurudia. Kurudia dozi hakumdhuru mtoto.

*Nina miaka 45. Nikachome homa ya ini B moja kwa moja?*
Pima kwanza, kaka. Mwenye virusi tayari chanjo haimsaidii; anahitaji kuonwa na daktari. Ukiwa huna, ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Wengi huacha baada ya ya pili kwa kujiona wamemaliza.

*Binti yangu amechanjwa HPV. Bado atapimwa akikua?*
Ndiyo, akifika miaka 30. Chanjo inakinga aina za virusi zinazosababisha saratani nyingi, lakini si aina zote.