Kubadilisha Tairi la Mbele la Pikipiki kwa Njia za Udongo za Pemba

Mtu anayeijua Pemba kwa barabara ya lami peke yake, kutoka Mkoani kupitia Chake Chake hadi Wete na Konde, hawezi kuielewa vyema shida ninayoizungumzia hapa. Shida huanza pale unapoiacha lami na kuteremka njia ya shamba katika vilima vya magharibi ya kisiwa, ambako udongo ni mwekundu, una mfinyanzi mwingi, na ukishanyeshewa huwa mithili ya sabuni iliyorowekwa. Masika tunaisubiri na kila mtu hujipanga. Mvua zinazotuangusha ni zile za vuli, kwa sababu huja wakati karafuu zinachumwa na pikipiki imebeba gunia nyuma.

Wateja wengi wanaoniletea pikipiki huniomba niwafungie tairi la kashata kubwa (yaani yale meno ya mpira yanayoshika ardhi) nyuma, wakiamini kwamba nguvu ikishika ardhi mambo yote yamekwisha. Mimi huwashauri waanze na la mbele. Tairi la nyuma likiteleza, pikipiki hupinda kiuno, mpandaji huachia mafuta kidogo, na aghalabu hurudi katika mstari wake. La mbele likiteleza, usukani hujikunja wenyewe na mtu huwa chini kabla hajauteremsha mguu. Isitoshe, unaposhuka kilima na kushika breki, uzito mwingi huhamia mbele, kwa hiyo tairi hilo ndilo linaloamua kama utafika bondeni ukiwa juu ya kiti au ubavuni mwa njia.

Maelezo haya yanahusu pikipiki za cc 125 hadi 150 zenye ringi ya inchi 17 na tairi la tyubu, ambazo ndizo nyingi kwetu.

Hatua ya kwanza: ikague pikipiki kabla hujanunua chochote

Isimamishe pikipiki kwa stendi kubwa pahala pagumu, kisha weka kipande cha boriti chini ya injini, si chini ya ekzosi, mpaka gurudumu la mbele lininginie. Chuchumaa mbele yake, shika miguu miwili ya shokapu kwa chini na uivute na kuisukuma kama unayeng'oa kisiki. Ukisikia mgongano mdogo, hata kama ni wa kusikika kiganjani tu, beringi za stelingi zimelegea. Halafu geuza usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia kwa kidole kimoja. Ukiona unakwama kidogo katikati, kana kwamba umeingia kishimoni, vikombe vya beringi vimeshachimbika na hakuna kukaza kutakakosaidia; ni kuvibadilisha. Pikipiki yenye ugonjwa huu hukataa kwenda moja kwa moja, na mpandaji hulilaumu tairi bure.

Ishushe pikipiki, shika breki ya mbele na uukandamize usukani kwa uzito wa mwili. Shokapu zilizo nzima huzama, hupanda mara moja na kutulia. Zikiruka-ruka kama godoro la springi, oili ya ndani imekwisha au imechoka, na ukiona mafuta kwenye bomba linalong'ara ujue sili imepasuka. Oili hubadilishwa miguu yote miwili kwa pamoja, kwa kipimo kile kile kilichoandikwa katika kijitabu cha pikipiki, kwani mguu mmoja ukiwa na oili zaidi ya mwenzake shokapu hazitafanya kazi sawa.

Mwisho, gonga kila spoku kwa spana ndogo. Spoku iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba, na iliyolegea hutoa sauti butu kama ya kopo lenye maji. Kazi hii huchukua dakika moja, na mafundi wengi huiruka.

Hatua ya pili: chagua tairi

Soma ubavu wa tairi la zamani. Pikipiki nyingi za aina hii hutoka kiwandani na tairi la mbele la 2.75-17, yaani upana wa inchi 2.75 juu ya ringi ya inchi 17. Unaweza kupanda hadi 3.00-17 ikiwa ringi yako ina upana wa inchi 1.60 au 1.85, ambao huwa umegongwa kwenye ringi yenyewe. Tofauti ni kama milimita 6 tu kwa upana, lakini juu ya udongo laini huhisika. Usipite hapo. Tairi pana kupita kiasi huufanya usukani uwe mzito, husugua madigadi, na badala ya kuukata udongo na kushika sehemu ngumu ya chini huelea juu yake.

Umbo la kashata nalo lina hesabu zake. Kwa vilima vya udongo tafuta kashata zilizoachana, zenye nafasi ya kutosha kidole kupita baina yake, ili gurudumu linapozunguka liweze kuutema udongo. Tairi lenye kashata zilizobanana hujaa mfinyanzi mnamo mita chache, na tangu hapo huna tofauti na mwenye tairi kipara. Hata hivyo, kwa anayeishi upande wa mashariki, tuseme Micheweni, ambako njia nyingi hupita juu ya mawe ya matumbawe, simshauri kashata ndefu hata kidogo. Mawe yale huzing'ata na kuzikata, na huko kashata fupi zilizokaribiana hudumu zaidi. Na anayeshinda kwenye lami siku sita kwa wiki afahamu kwamba kashata ndefu huyumba kwenye kona, huisha upesi, na hurefusha masafa ya kusimama lami inapokuwa na maji.

Kabla ya kulipa, tazama tarakimu nne za tarehe ubavuni. Tairi lililoandikwa 2324 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Niliwahi kununua tairi jipya kabisa, lenye vinyoya vyake vyote, likiwa na umri wa miaka tisa. Lilipofika kwenye matope lilikuwa gumu kama gogo la mnazi, na lilianza kupasuka mbavuni kabla mwaka haujaisha. Tazama pia namba ya uzito: 41 maana yake ni kilo 145 kwa tairi hilo moja, na 50 ni kilo 190.

Hatua ya tatu: livue la zamani

Kwa breki ya ngoma, fungua waya wa breki na kebo ya spidi kwanza. Kwa breki ya diski, usikandamize mkono wa breki wakati gurudumu liko nje, kwani pistoni zitasogea na pedi zitabana. Legeza nati ya ekseli gurudumu likiwa bado chini, kisha liinue na uchomoe ekseli huku umelishika kwa mkono wa pili. Panga vikorokoro juu ya gazeti kwa mpangilio uliovitolea, kwa sababu kuna bushi mbili zinazofanana sana ambazo mara nyingi hazilingani urefu.

Toa upepo wote kwa kuing'oa sindano ya valvu, kisha kanyaga mbavu za tairi pande zote mpaka ziachane na ringi. Anza kunyanyua ukingo karibu na valvu, huku ukiwa umeukandamiza upande wa pili uingie kwenye bonde la katikati ya ringi. Asiyelijua bonde hilo hutumia nguvu za punda na kupinda ringi.

Hatua ya nne: livalishe jipya

Lianike tairi jipya juani kwa nusu saa, juu ya bati ikiwezekana, ili lilainike. Roweka kipande cha sabuni ya mche katika maji na upake kingo zote mbili. Usitumie oili ya injini wala grisi, kwani hula mpira. Angalia mshale wa mzunguko ubavuni uelekee mbele, na kama kuna nukta ya rangi ya manjano, iweke mkabala na valvu, kwani hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya tairi.

Ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku uwe mzima. Pakaza tyubu poda ya watoto, itie upepo kidogo tu ipate umbo la duara, kisha iingize. Ukingo wa mwisho malizia kwenye valvu, si mbali nayo. Kabla ya kunyanyua inchi chache zilizobaki, isukume valvu ndani kwa kidole gumba na kuirudisha, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Katika siku zangu za mwanzo nilitoboa tyubu tatu mpya kwa tairi moja, mchana mmoja, mwenye pikipiki akiwa amekaa kwenye kigoda akinitazama. Tyubu ya tatu ilipopumua aliniambia kwa upole, "Fundi, si bora tukasali kwanza?" Tulikwenda kuswali, nikarudi na kufanya taratibu, likaingia.

Jaza upepo hadi paundi 40 ili kingo zikae, kisha zungusha gurudumu na utazame ule mstari mwembamba wa ubavuni: lazima uwe umbali sawa na ringi pote. Ukiwa umezama pahala, toa upepo, paka sabuni tena na ujaze upya. Hata ukikaa vizuri, toa upepo wote mara moja kisha jaza, ili mikunjo ya tyubu ijinyooshe.

Hatua ya tano: lirudishe gurudumu

Hapa naomba msomaji atulie. Katika breki ya ngoma, sahani inayobeba breki shuu ina mfereji, na mguu mmoja wa shokapu una kijino kinachoingia humo. Kijino kisipoingia, gurudumu litaonekana limekaa sawa, nati itakaza, na pikipiki itaondoka bila kelele yoyote. Ukishika breki kwa mara ya kwanza, sahani nzima itazunguka pamoja na gurudumu, waya utakatika au gurudumu litafunga papo hapo. Inama, weka kidole, uhisi kijino kimeingia.

Pitisha ekseli iliyopakwa grisi nyembamba, kaza nati kwa mkono tu, ishushe pikipiki na uikandamize mara nne au tano ili miguu ya shokapu ijipange yenyewe. Ndipo ukaze kikamilifu. Kwa spana ya sentimita 30, nguvu ya kilo 17 mwishoni mwa mkono wa spana ni kama nyutoni mita 50, kiasi kinachotosha ekseli nyingi za ukubwa huu.

Tazama nafasi baina ya tairi na madigadi. Ikiwa vidole viwili havipiti, udongo utakwama humo na gurudumu litasimama katikati ya njia. Inyanyue madigadi kwa kutia bushi za milimita 15 na bolti ndefu zaidi, au badilisha kwa ile ya juu inayofungwa chini ya taa.

Hatua ya sita: upepo na majaribio

Kwenye lami mimi hutia paundi 25 mbele. Kwenye udongo mlaini hushusha hadi 20, tairi lilale kidogo na kushika. Chini ya 18 sishuki, kwa sababu tairi huanza kuteleza juu ya ringi, likaivuta tyubu na kuing'oa valvu. Ukiona valvu imeinama badala ya kusimama wima, hilo limeshaanza.

Kilomita 100 za mwanzo zipite bila papara, kwani mpira mpya una utelezi wake. Jaribu kwanza mteremko mfupi unaoufahamu, bila abiria wala mzigo, ukitumia gia ya pili na breki ya mbele kwa vidole viwili. Waliopanda kutoka 2.75 hadi 3.00 na ambao kebo ya spidi hutoka gurudumu la mbele wafahamu kwamba geji itasoma pungufu kwa takriban asilimia 2. Baada ya kilomita hizo 100, gonga spoku tena, kaza nati ya ekseli, na urudie ule mtihani wa kuvuta shokapu ukiwa umechuchumaa.